Jino likinyamaza usiseme limepona

Msimu wa karafuu ukifunguka hapa Pemba na sie kliniki tunajua tu, watu wanaanza kuja. Pesa mtu kashazishika, anapanda kwenye kiti, anafungua mdomo, na kabla hujaangalia kitu ushasikia harufu. Karafuu. Wala si ile ya jamvini, ni ile ya mafuta kwenye pamba.

Juzi kaja ami mmoja kutoka Konde kashika shavu, nikamwambia ami hebu toa iyo pamba kwanza. Katoa. Kipamba chenyewe kidogo kama punje ya hindi, kimekua rangi ya kahawia, na pale kilipokua kimelala ufizi umebabuka umekua mweupe kama kidole kilichokaa majini kutwa. Namuuliza limeanza kuuma lini, ananambia "Jino haliumi daktari, liliuma Ramadhani ilopita nikatia mafuta likapoa. Inayouma saa hizi ni hii nyama." Yaani kilichomleta ni dawa, sio jino! Nikaligonga lile gego taratibu kwa mpini wa kile kioo chetu cha kuangalizia mdomo, halijibu. Nikalipulizia upepo baridi, kimya. Tukapiga eksirei, pale kwenye ncha ya mzizi pana doa jeusi la mviringo, mfupa ushaliwa.

Basi hili ndo kubwa tunaloliona kila siku na ndo lililonifanya nikae niandike, mana tukimueleza mmoja mmoja kitini ganzi ikiwa imeshaanza kushika hasikii tena. Jino likiacha kuuma sio kua limepona. Mara nyingi limekufa.

Inavyokuaje, ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya kuhisi, na imezungukwa na ukuta mgumu kila upande. Ukijipiga mkono unavimba kwa sababu una nafasi ya kuvimba, lakini ile nyama ya ndani ya jino haina pa kutanukia, ndo mana maumivu yake hayana mfano na usiku ukilala yanazidi kwa vile damu inapanda kichwani. Ikibanwa hivo siku kadhaa, inakufa. Na kilichokufa hakiumi, mwenye jino anashukuru, anaacha kuja. Huku ndani vijidudu vimeshapata nyumba ya bure wanateremka hadi nchani na kutokea kwenye mfupa, baada ya miezi au hata miaka ndo shavu linavimba, tena siku ya harusi ya mtu.

Lingewahiwa mapema tungechimba palipooza tukaziba, nusu saa kitu kimeisha. Likishafika nyama ya ndani tunasafisha mizizi, kazi ndefu na gharama yake kubwa zaidi. Likichelewa sana ni kung'oa, halafu mtu anatoka hapa anasema wale kazi yao kung'oa tu!

Sasa sisemi karafuu haifai, hasha, nani atakaa Chake Chake akaisema vibaya karafuu, na kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kiko hapo Wawi tunakisikia kwa pua. Ile karafuu ina kitu kinaitwa yujenoli, ndo sehemu kubwa ya mafuta yake, na kweli kinatia ganzi na kinaua baadhi ya vijidudu. Sie wenyewe tunakitumia, tunakikoroga na unga mweupe wa zinki inakua kama donge la ugali mgumu, tunaziba nalo jino kwa muda. Kwaiyo bibi zetu hawakukosea. Kilichokosewa ni kudhani ganzi ni tiba, shimo liko pale pale na linaendelea kuchimbika. Na mafuta yale makali, usiyamimine vile vile yalivyo ukaacha pamba kutwa kucha, yanaunguza kama ulivyosikia ya ami. Ukiwa huna njia usiku ule, tone moja kwenye pamba, gusisha jino tu, asubuhi njoo.

Na vidonge navyo hivo hivo. Mtu anapita duka la dawa ananunua amoksilini, nusu dozi, likipoa anaweka zilobaki kabatini za mara nyengine. Jino lililokufa ndani halina damu inayopita, dawa unayomeza inasafiri na damu, sasa itafikaje? Inapunguza uvimbe wa nje tu. Zina kazi zake na tunaziandika pale panapohitajika, lakini peke yake haiponyi jino. Hapa naomba niwe mkali kidogo: ukiona uvimbe umeteremka chini ya taya, kumeza shida, mdomo haufunguki au una homa, usije kwetu ukapanga foleni, nenda hospitali moja kwa moja, iwe Abdalla Mzee kule Mkoani au yoyote ilokaribu, mana uvimbe ule unaweza kuziba njia ya pumzi.

Mdudu wa jino. Naambiwa kila wiki, daktari nitoe mdudu. Na wapo walioshuhudia kwa macho yao, mtu kafukizwa moshi wa mbegu, kabanua mdomo juu ya bakuli la maji, vikadondoka vijitu vyeupe vyembamba. Vile vinatoka kwenye zile mbegu zenyewe zikipasuka kwa moto, hata ukifukiza bakuli tupu bila ya mtu utaviona. Wanaotoboa jino ni vijidudu visoonekana kwa jicho, wanaishi kwenye ukoga, ukila sukari na wao wanakula, na uchafu wao ni tindikali inayoyeyusha jino. Kila ukitia kitu kitamu mdomoni tindikali inapanda, na mate yanachukua kama nusu saa, mara nyengine zaidi, kuituliza.

Ndo mana huwa nasema tatizo sio halua. Ukila halua na kahawa ukamaliza ukanyanyuka, meno yanapata pumzi. Tatizo ni kikombe cha chai ya sukari kinachoanza saa mbili asubuhi barazani na kumalizika adhuhuri, funda moja, hadithi, funda jengine. Na watoto na ubuyu! Ubuyu wetu huu mwekundu mtamu sana na mie mwenyewe nnaula, lakini angalia mtoto anavyoula, anaiweka mbegu moja shavuni anaifyonza mpaka iwe nyeupe, anatia nyengine, paketi inaisha baada ya saa nzima. Ni sukari na uchachu pamoja, na umekaa ubavuni mwa gego. Bora ale wote kwa mara moja baada ya chakula cha mchana, asukutue maji, basi.

Tukiwa hapo kwa watoto, mama wengi wanasema yale ni meno ya utoto yataanguka, ya nini kuyaziba. Kwanza yanamuuma, mtoto hali wala halali. Pili yanashikilia nafasi ya yale yanayokuja, likitoka mapema ya jirani yanalala na mengine yanaota kombo. Lakini la tatu ndo wengi hawalijui kabisa, mtoto akifika kama miaka 6 linatoka gego la ukubwa nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila ya jino lolote kuanguka, kwaiyo mama anadhani na lenyewe ni la utoto. Linaoza, ananiletea akiwa na miaka 9, anasema litoe tu litaota jengine. Halioti tena bi, hilo ndo lilikua la maisha. Hebu leo usiku mfungue mdomo mwanao umulike na simu, hesabu kila upande kutoka katikati, ya utoto ni matano, la sita ni hilo.

Haya mengine nayapita haraka. Kung'oa jino la juu hakupofui macho, mshipa unaohisi meno na mshipa wa kuona ni viwili mbali mbali, wengi walopata kisa hicho ni wazee ambao macho yao yalikua yanaenda na mtoto wa jicho, jino likasingiziwa. Kusafisha ukoga hakulegezi meno, ukoga mgumu wa miaka ulikua umeyashikilia kama saruji huku fizi zimeshateremka, ukitoka unaona hali halisi. Fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki, damu ile ni kwa sababu hapasafishwi, piga taratibu na mswaki laini wiki moja mbili uone, isipoacha njoo. Mjamzito fizi zinavimba kwa homoni, mtoto hanyonyi kalsiamu ya jino la mama yake, na kutibiwa meno na mimba inaruhusiwa, tuambie tu ni ya miezi mingapi. Mkaa na ndimu kung'arisha meno, wallahi acheni, mnakwangua ganda la jino na halioti tena. Na yule mgeni wa kutoka Arusha mwenye meno ya kahawia msimcheke, si mchafu, maji ya baadhi ya sehemu za kule yana madini ya floraidi mengi, aliyanywa akiwa mdogo.

Floraidi hiyo hiyo ikiwa kidogo ndo inayolinda jino, kwaiyo angalia tyubu ya dawa ya mswaki iwe imeandikwa 1000 hadi 1500 ppm. Mtoto chini ya miaka 3 weka kama punje ya mchele, baadae kama njegere. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi, iache dawa ikae. Na kama unaweza mara moja tu kwa siku basi iwe usiku, ukilala mate yanapungua na jino linabaki bila ya mlinzi.

Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, sina neno. Ila wengi wanasugua ya mbele yanayoonekana msikitini, magego ya ndani hayajaguswa tangu Idi.

Watu wa tambuu, njooni msione haya. Wekundu unatoka kwa kusafisha. Lakini popoo ina hatari ya saratani ya mdomo hata bila ya tumbaku, kwaiyo tukikuangalia tutakuangalia na mashavu na chini ya ulimi, na kidonda kilichopita wiki mbili hakijapona usikifiche.

Ijumaa tunafunga saa tano na nusu kwa sala, tunarudi alasiri. Kuangaliwa ni dakika kumi hivi, na kama jino lako liliuma likaacha, wewe ndo hasa tunaekutaka. Dawa zote ulizotumia uje nazo, na kile kichupa cha mafuta pia, tukione.