Pleti zilizochoka zinakunywa dizeli na mhasibu hazioni

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakishatangaza bei kikomo za mafuta, haipiti wiki utasikia mwenye kiwanda fulani analia kwamba dizeli inammaliza, na mi huwa nakubaliana nae nusu. Bei ni kweli, na sio yeye anayeipanga. Ila nimeishi na maboila na mashine za maziwa miaka 27 mpaka nikastaafu, na nilichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya iyo dizeli inapotea ndani ya kiwanda chake mwenyewe, kwenye kitu anachopita mbele yake kila asubuhi akisalimia watu.

Kitu chenyewe ni mashine ya kubadilishana joto, sisi mafundi tunaita pleti tu. Ni mabati ya stenlesi yamepangwa kama vitabu kwenye shelfu, kati ya bati na bati kuna gasketi ya mpira, upande huu wa bati inapita kitu cha moto na upande wa pili kitu cha baridi, havichanganyiki ila joto linahama. Maziwa mabichi yanatoka kwenye tenki yakiwa digrii 4, inabidi yafike 72 yakae hapo sekunde 15, alafu yarudi tena 4 ndo yapakiwe. Sasa mjinga angeyachemsha kwa boila kutoka 4 mpaka 72 kisha ayapoze kwa chila, yani mashine ya kupoza, kutoka 72 mpaka 4, alipe mara mbili. Mwenye akili anayapitisha maziwa ya moto yanayotoka mgongo kwa mgongo na maziwa ya baridi yanayoingia, haya yanawapasha wale, wale wanawapoza hawa, bure kabisa. Iyo sehemu inaitwa rijeneresheni na ndo roho ya mashine. Wala sio teknolojia mpya, Richard Seligman alianza kutengeneza mashine ya pleti kwa ajili ya maziwa kule Uingereza mwaka 1923, miaka mia imepita na bado kuna watu wanaona ni anasa.

Kuna kiwanda kimoja niliitwa nikasaidie, sikitaji jina wala mji, wenyewe wakisoma hapa watajijua. Shida waliyonieleza ni chila, eti haizimi, inanguruma kutwa na bili ya umeme imepanda, na fundi wa friji kashakuja mara tatu kajaza gesi kaondoka na hela yake. Mi sikwenda hata kwenye chila. Nilienda kwenye pasturaiza, ile mashine ya kupikia maziwa yenye pleti, nikashika bomba la maziwa yanapotoka rijeneresheni kwenda kupozwa, pale ukishika mkono inatakiwa usikie ubaridi, mi nikasikia vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Geji ikasoma 31. Upande wa pili, maziwa mabichi yalikuwa yanaingia sehemu ya maji ya moto, pale boila inapomalizia kuyapasha, yakiwa digrii 45, wakati mashine ikiwa nzima yanatakiwa yaingie pale yana kama 65 yamebakiza kidogo tu. Yani digrii 20 nzima zimepotea katikati na hakuna aliyeuliza, kwa sababu geji ya mwisho inasoma 72 na taa ni ya kijani, kazi inaendelea.

Nikauliza pleti ngapi zimo, kijana akanambia hajui. Tukahesabu, tukalinganisha na kitabu cha mashine, hazifanani. Kumbe kila gasketi ikivuja walikuwa wanatoa pleti mbili mbili na kukaza bolti zaidi, maana gasketi mpya ni za kuagiza na maziwa hayasubiri. Zilizotolewa ziko wapi? Tukazikuta nyuma ya stoo, mlinzi anaanikia dagaa. Sikumlaumu, ile mikunjo inapitisha hewa vizuri sana.

Sasa hesabu, na hii naomba usiikate Mhariri. Tuseme mashine ni ya lita 5,000 kwa saa. Kupandisha maziwa hayo digrii 20 kunakula kama megajuli 400. Lita ya dizeli ina kama megajuli 36, na boila ya kawaida inayotunzwa inakupa 80 kwa 100 ya hapo, kwa iyo unachoma kama lita 14 kila saa kwa ajili ya zile digrii 20 ambazo zilikuwa zije bure. Fanya kazi saa 8, lita 112. Weka dizeli shilingi 2,800, wewe weka bei ya kwako ya leo, inakuja 313,600 kwa siku. Hapo bado, maana digrii 20 zilezile zinatoka upande wa pili na chila ndo inazibeba. Chila ikiwa nzuri inatumia uniti moja ya umeme kubeba uniti tatu za joto, kwa iyo ni kama uniti 300 za umeme kwa siku, ukipiga kwa shilingi 200 ni elfu 60 nyingine. Jumla 370,000 na kitu, kila siku ya kazi, na hakuna risiti iliyoandikwa "pleti mbovu". Ukiletewa kotesheni ya milioni 80 ya seti mpya pamoja na kufunga, utashtuka, lakini gawanya, ni siku 215 hivi za kazi, siku 25 kwa mwezi ni miezi nane na nusu. Baada ya hapo ni faida. Nionyeshe ni duka gani Kariakoo linarudisha mtaji hivo.

Na mi nimehesabu mafuta na umeme tu. Mashine ikipungukiwa pleti, opareta ili apate ile 72 yake anapandisha maji ya moto, badala ya kuzidi maziwa kwa digrii mbili tatu unakuta kayaweka 90. Hapo maziwa yanaungulia kwenye bati, yanafanya ukoko kama wa wali, ukoko ukishika joto halipiti, basi anapandisha tena maji, ukoko unazidi. Mwisho baada ya saa nne za kazi mnasimama kuosha kwa kostiki, ile soda kali, kisha asidi, maji tani kwa tani yanaenda mtaroni, na wafugaji wamepanga foleni nje na madumu yao juani. Kuna na la usalama, pleti ikitoboka tundu dogo kama la sindano maziwa mabichi yanaweza kupenya kwenye yaliyokwisha kupikwa, ndo maana upande wa yaliyopikwa huwa unapewa presha kubwa zaidi ili likitoboka yaliyopikwa yavujie kwenye mabichi na sio mabichi kwenye yaliyopikwa. Mashine iliyonyofolewa pleti na kukazwa ovyo, iyo presha nani anaihakikisha?

Nisije nikaonekana nauza pleti. Sio kila kiwanda kitapata ile miezi nane. Mtu ambae kiangazi anapata maziwa ya kuendesha saa mbili kwa siku, hesabu yangu ijizidishe mara nne, inakuwa karibu miaka mitatu, na huyo ningemwambia aanze na gasketi, arudishe pleti zilizotolewa kama hazijapinda, aoshe vizuri, avike mabomba ya stimu yaliyo uchi. Na arudishe maji ya stimu iliyotumika kwenye tenki la boila badala ya kuyamwaga, kila digrii 6 unazopandisha kwenye maji yanayoingia boila unaokoa kama 1 kwa 100 ya mafuta, na maji hayo yanakuja yanachemka karibu. Viwanda vya chai Mufindi na Rungwe wanaochoma kuni mambo ni yaleyale, ukikamata joto la moshi kabla halijaenda angani ukapashia maji ya boila, kila digrii 20 unazoshusha kwenye moshi ni kama 1 kwa 100 ya kuni. Inaonekana ndogo mpaka uone malori ya magogo getini.

Kinachonikera zaidi ni vile maamuzi yanavofanywa. Dizeli inaingia kwa mhasibu kama matumizi ya kawaida, inasainiwa kila wiki bila swali. Pleti zinaingia kama manunuzi makubwa, zinataka kikao, kotesheni tatu, na mwisho anachaguliwa wa bei ya chini ambae pleti zake ni chache. Fundi akisema anaambiwa si inafanya kazi? Na fundi mwenyewe lugha ya hela hana, anaongea digrii na presha, wenzake wanaongea mamilioni, hawaelewani. Mi kwa bosi yule niliandika lita 112 kwenye karatasi, nikaweka na bei ya dizeli, sikutaja digrii hata moja. Akakaa kimya, akamwita mhasibu.

Ilichukua muda, maana vitu viliagizwa nje na bandarini vikakaa, lakini vikafungwa. Siku ya kwanza geji ya maziwa yanayoingia sehemu ya maji ya moto ikapanda mpaka 65 ikatulia, na mchana chila ikazima yenyewe, vijana wakakimbia kuangalia wakidhani imekufa. Mwezi uliofuata nilikuwa getini pale naaga, dereva wa boza la mafuta akateremka akaniuliza kwa sauti ya chini, mzee, hawa jamaa wamehamia kwa sapulaya mwingine au kiwanda kinafungwa?

Fundi mstaafu wa boila,
Arusha