Mwanangu, usiache kazi kwa ahadi ya simu

Mwanangu,

Juzi barazani kwa mamako uliniuliza swali, nami nikakwambia ngoja nifikiri. Nilikuona umeshika kikombe mpaka chai ikapoa. Najua ulitaka nikwambie "nenda" pale pale. Nimekuomba ruhusa nikujibu hapa mbele ya watu kwa sababu mwezi huu wewe ni wa tatu kunijia na jambo hili, na hao wawili wengine nao ni wanangu vilevile.

Jambo lenyewe ni hili. Yadi ya makontena kule Miritini wamekupigia simu. Wataka karani wa geti, mshahara shilingi 40,000 kwa mwezi. Hotelini Shanzu, stoo, wapata 28,000, na kila masika ikiingia na wageni wakipungua warudishwa nyumbani miezi miwili bila malipo. Basi wataka kupeleka barua ya kuacha kazi Jumatatu.

Usiipeleke. Kwa sasa mkononi huna kazi mpya, una sauti ya mtu kwenye simu.

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2019, ile amri ya kupeleka makontena ya bara Nairobi kwa SGR, reli mpya, ilikuwa imewabana sana mawakala wa forodha hapa Mombasa, watu wanaandamana barabarani, na ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa yatulipa kwa vipande. Leo elfu tano, wiki ijayo elfu tatu. Rafiki akanipigia: njoo kwetu, bosi amekubali, anza mwezi ujao. Asubuhi ya Jumanne niliweka funguo za kabati juu ya meza, karibu na trei ya mihuri, nikachukua kikombe changu na mswala wangu, nikatoka. Hata barua sikuandika. Wiki mbili baadaye yule rafiki akapiga tena, sauti imeshuka: bosi amesimamisha kuajiri kwanza, tungoje. Nilingoja miezi saba.

Niliporudi kudai mshahara wangu uliobaki, yule mwajiri wa zamani akafungua daftari akaniambia kwamba mimi ndiye niliyeondoka bila notisi, kwa hivyo mwezi mmoja wakatwa. Nilibishana naye huku nalia. Baadaye nikasoma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 35, yasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28. Kifungu cha 36 chasema anayetaka kuondoka bila kungoja notisi ailipie. Yambana mwajiri, na yatubana sisi pia. Kama mkataba wako wa hoteli umetaja muda mrefu zaidi, muda huo ndio wa kufuata. Uangalie usiku huu, uko kwenye bahasha ya kaki uliyompa mamako akuwekee.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni karatasi. Mpigie huyo mtu wa Miritini, kwa adabu, umwambie umeipenda kazi na waomba barua ya kuajiriwa yenye saini, mshahara, siku ya kuanza, na muda wa majaribio. Kampuni ya kweli haikasiriki kuombwa barua. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu lako bila gharama. Na akikwambia utume pesa kidogo ya sare au ya vipimo vya hospitali kabla ya kuanza, kata simu, mwanangu. Hapo hapana kazi.

Barua ikija, isome na kalamu. Ulivyonipa hesabu zako juzi, mie nilikaa usiku nikazipiga. 40,000 hukatwa NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, yaani 2,400. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, ni 1,100. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 600. Hapo 4,100 imekwenda, na kodi ya mapato bado. Kutoka kwenu Bamburi hadi Miritini ni matatu mpaka mjini, kisha nyingine. Wewe mwenyewe umesema 300 kwa siku kwenda na kurudi. Siku 26 ni 7,800. Chakula cha mchana, hata ukila maharagwe na chapati kwa mama pale nje ya geti, weka 150, ni 3,900. Baki ni 24,200.

Sasa hoteli. 28,000 ukitoa makato yale yale matatu wabaki na 25,130. Basi la wafanyakazi lakuchukua bure, na chakula cha mchana wapewa kantini. Umeona? Huo mshahara mkubwa, kwa mwezi, ni mdogo kuliko ulio nao, na kodi yake ni kubwa zaidi.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikasema mtoto abaki. Kisha nikakumbuka masika. Hoteli yakulipa miezi kumi, yadi yakulipa kumi na miwili. Ukihesabu mwaka mzima, Miritini wakutangulia, ingawa si kwa pengo ulilolidhania. Tena kuna jambo lisiloingia kwenye hesabu: ukikaa geti la yadi miaka miwili ukijua hati za mizigo, kila yadi kuanzia Changamwe mpaka Jomvu itakutaka. Stoo ya hoteli umeshajifunza kila ilichokuwa nacho cha kukufunza. Mimi naona uende. Lakini kabla ya kusaini, waulize kama wana gari la shifti au posho ya nauli. Usione haya. Watu huogopa kuuliza wakidhani kazi itachukuliwa na mwingine. Alokwisha kukuchagua hakuachi kwa sababu ya swali moja la nauli, na hiyo 7,800 ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote katika hesabu yako.

Kuhusu majaribio. Sheria yaruhusu yasizidi miezi sita, na yakiongezwa ni kwa ridhaa yako. Katika muda huo waweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba tu. Hotelini una miaka mitatu na huwezi kutolewa hivyo. Ndiyo maana nataka uwe na akiba ya kodi ya nyumba ya miezi miwili kabla ya kuhama. Huna, najua. Basi tuianze sasa, hata kama ni kuwaomba Miritini wakungoje mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Wataka pia ruhusa ya kwenda kuonana nao ana kwa ana, na ukaniuliza kama useme waumwa. Hapana. Ukisema waumwa utatakiwa karatasi ya hospitali, na uongo mmoja utazaa wa pili. Chukua siku ya likizo, ni haki yako. Sheria yakupa siku 21 za kazi kwa mwaka, na ukiondoka kabla mwaka haujaisha wahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia. Umesema mwaka wako wa likizo una miezi minane na hujachukua hata siku. Hizo ni siku 14. Ukitoa moja ya kwenda Miritini zabaki 13, na hizo wakulipe unapoondoka. Usiziache mezani kwa haraka ya kwenda.

Siku ya kutoa notisi, mwambie kwanza msimamizi wako wa stoo, uso kwa uso, kabla barua haijafika ofisini. Huyu ndiye aliyekufunza kupokea mzigo na kuhesabu trei za mayai alfajiri. Asisikie kwa mpishi. Mji huu ni mdogo, maneno huvuka daraja la Nyali kabla yako. Barua yenyewe iwe fupi: jina, kazi, tarehe unayotoa notisi, tarehe ya mwisho ya kazi, asante. Usieleze masika wala mshahara. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani.

Huenda meneja akakuita akwambie baki, tutakuongeza. Utafurahi, kila mtu hufurahi kutakiwa. Muulize jambo moja: masika ijayo nitalipwa? Kama jibu halimo kwenye karatasi, nyongeza yake ni ya miezi kumi, na wewe waondoka kwa sababu ya ile miwili.

Siku 28 hizo fanya kazi kama wiki yako ya kwanza. Hesabu stoo, kabidhi daftari, kabidhi funguo kwa saini. Siku ya mwisho omba cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 chamlazimu mwajiri kukupa: jina lake, jina lako, kazi uliyofanya, siku ulipoanza na siku ulipomaliza. Mimi nilikwenda mara nne kukiomba changu kama mtu aombaye sadaka, nasimama pale mlangoni wenzangu wa zamani wakiniangalia, na kumbe ilikuwa haki yangu hata baada ya kuondoka vibaya vile. Lakini jua hili: cheti hicho hakisemi kama ulikuwa mwaminifu au hodari. Barua ya kukusifu mwajiri halazimiki kuiandika. Hiyo yatoka moyoni mwa msimamizi wako, na ndiyo Miritini watakayompigia simu kuiulizia.

Nimemwambia mamako Alhamisi nitakuwa nyumbani Majengo baada ya alasiri. Njoo na ile bahasha ya kaki na barua ya Miritini, kama imefika. Kama haijafika njoo hivyo hivyo, tuwapigie pamoja.

Khalati yako