Malalamiko: Nimelipia rimu za tyubulesi, nimepewa rimu za aloi zenye tyubu ndani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: PIKIPIKI ILIYOUZWA KINYUME NA MAELEZO YA KIPEPERUSHI

Ndugu Meneja,

Nahusika na kichwa cha habari hapo juu. Pikipiki niliyonunua kwenu inauzwa kwa namna mbili: yenye rimu za spoki, na yenye kile ambacho kipeperushi chenu kinakiita "rimu za aloi, tyubulesi" (yaani tairi halihitaji tyubu ndani), kwa nyongeza ya bei. Mimi nililipa nyongeza hiyo. Tairi la nyuma lilipopata pancha, fundi alilifungua akachomoa tyubu. Tukaenda kulitazama la mbele: valvu ya chuma yenye nati, na ubavuni mwa tairi yameandikwa wazi maneno TUBE TYPE. La nyuma nalo limeandikwa hivyo hivyo. Yaani pikipiki nzima haina tairi hata moja la tyubulesi.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa kwamba sina haki ya kulalamika, kwa kuwa rimu ni za aloi kama nilivyoahidiwa. Sijasema si za aloi. Aloi ni mchanganyiko wa metali uliotumika kutengeneza rimu. Kutumia au kutotumia tyubu kunategemea namna rimu ilivyoumbwa. Haya ni mambo mawili tofauti, na kampuni inayouza pikipiki inapaswa kuyajua kuliko mteja. Pikipiki ya BMW R 100 GS iliyotoka mwaka 1987 ilikuwa na spoki na bado haikuhitaji tyubu, kwa sababu spoki zake zilishikizwa kwenye kingo za nje za rimu, nje kabisa ya sehemu inayohifadhi upepo. Kama spoki zinaweza kwenda bila tyubu, basi na aloi inaweza kuhitaji tyubu. Ninyi mmeniuzia aina hiyo ya pili kwa jina la aina nyingine.

Naomba mwelewe kwa nini jambo hili si dogo kwangu. Sikuchagua aloi kwa urembo. Kusema kweli, kwa macho yangu spoki ndizo zinazopendeza zaidi, na zina sifa ambazo aloi haina. Gurudumu la spoki likigonga shimo hunepa kidogo na kumeza sehemu ya kishindo. Spoki ikikatika hubadilishwa hiyo moja tu. Gurudumu likianza kuyumba, fundi mwenye mkono mzuri hukaza spoki za huku na kulegeza za kule mpaka lizunguke sawa, na kazi hiyo haihitaji mashine. Muuzaji wenu hakunieleza lolote kati ya haya, ila nilikuwa nayajua kabla sijafika kwenu.

Kilichonitoa kwenye spoki ni matundu. Katika rimu ya spoki ya kawaida, kila spoki hufungwa kwa nipeli, yaani kinati kidogo cha kukazia spoki, inayopenya katikati ya rimu, kwa hiyo upepo haukai bila tyubu. Na tyubu ina tabia moja ninayoiogopa. Msumari ukiitoboa inaweza kuchanika, upepo ukatokea kwenye tundu la valvu na kwenye matundu ya spoki, na tairi likalala ndani ya muda mfupi mno. Ikitokea kwa gurudumu la mbele ukiwa kwenye mwendo, huna la kufanya zaidi ya kushikilia usukani na kuomba Mungu. Tairi la tyubulesi likichomwa, mara nyingi msumari hubaki pale pale na mpira huubana, upepo ukavuja taratibu. Unapata nafasi ya kupunguza mwendo na kusogea pembeni. Hata kuziba ni jambo la dakika chache: unachomoa msumari, unapenyeza utambi wa mpira, unajaza upepo, unaondoka. Gurudumu halitoki mahali pake. Kwa tyubu ni kulegeza ekseli, kushusha mnyororo, kutoa gurudumu, kuhangaika na vyuma vya kufungulia tairi, kisha kuomba usiitoboe tyubu upya wakati wa kurudisha. Mimi husafiri peke yangu, mara nyingi usiku na mzigo nyuma, mbali na fundi yeyote.

Kwa sababu hiyo moja nilikubali udhaifu wa aloi nikiujua. Rimu iliyomiminwa kwenye kalibu ni ngumu, na ikigonga ukingo wa shimo kwa nguvu hupinda mdomo au hupata ufa. Haikazwi wala kulegezwa. Wapo wanaoichomelea, lakini moto wa kuchomelea hudhoofisha metali ya jirani, na sitaki kupanda juu ya rimu ya namna hiyo. Ikipasuka unanunua nzima. Nilihesabu hasara hiyo nikaona inafaa, mradi niachane na tyubu. Sasa nina rimu isiyotengenezeka kirahisi, na tyubu ndani yake. Nimekosa mwana na maji ya moto.

Karakana yenu ilipendekeza suluhisho ambalo nimelikataa, na naliandika hapa ili lisije likapewa mteja mwingine. Fundi alisema tutoe tyubu, tuweke valvu ya tyubulesi, tumimine na dawa ya kuzibia pancha, kazi iishe. Haiishi. Tairi lisilo la tyubulesi halina ule utando wa ndani wa mpira unaozuia upepo usipenye. Rimu nayo ina tatizo lake. Rimu za pikipiki zilizokusudiwa kwenda bila tyubu kwa kawaida hugongwa alama ya MT pamoja na vipimo vyake, na zina tuta dogo linalozunguka karibu na kila ukingo. Tuta hilo ndilo linalozuia mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaokaa kwenye rimu, usiteleze kuingia kwenye bonde la katikati upepo unapopungua. Rimu zangu zimegongwa vipimo tu, MT haipo, na tairi lilipofunguliwa hatukuona tuta lolote. Tairi likipungua upepo kwenye kona, mdomo unaweza kuachia rimu na upepo wote ukatoka kwa mkupuo. Dawa ya kuzibia pancha huziba tundu la msumari, haishikilii mdomo wa tairi. Inasikitisha kuona ushauri kama huu ukitoka kwenye karakana yenye nembo ya kampuni.

Ninachoomba ni kimojawapo kati ya haya. Nibadilishieni magurudumu yote mawili kwa gharama yenu, pamoja na kazi ya kufunga: rimu zenye alama ya MT zinazoingia kwenye pikipiki hii bila kuchonga chochote, matairi yaliyoandikwa TUBELESS ya saizi ile ile na yenye uwezo wa mzigo usiopungua wa haya ya sasa, na valvu mpya. Kama hamna rimu za namna hiyo, basi chukueni hizi za aloi, mnifungie za spoki, na mnirudishie nyongeza yote niliyolipa. Nikilazimika kuishi na tyubu, naitaka ndani ya gurudumu ambalo fundi yeyote anaweza kulinyoosha. Koti la ziada na kofia ngumu nilivyotajiwa kwenye simu kama "fidia" sivihitaji.

Pia ondoeni neno tyubulesi kwenye kipeperushi cha pikipiki hii mpaka litakapokuwa kweli. Kuna watu wataichagua kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi niichague, na hawatajua kilichomo ndani hadi siku ya pancha.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Majibu ya simu yametosha. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya na vielelezo vyake kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji.

Nimeambatanisha nakala ya risiti inayoonyesha nyongeza ya bei, ukurasa wa kipeperushi, picha za maandishi ya ubavuni mwa matairi yote mawili, picha za vipimo vilivyogongwa kwenye rimu, na picha ya tyubu iliyotolewa. Tyubu yenyewe ninayo. Mkitaka kuiona nitaileta.

Wenu,

Mteja mwenye pikipiki ya namba ya fremu iliyo kwenye risiti