Kasoro ya filamu ya Les Misérables haimo kooni mwa waimbaji

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa sanaa iliyoirejea filamu ya Les Misérables, ile ya nyimbo iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa jina hilohilo na kuongozwa na Tom Hooper na kutolewa Desemba 2012, na ninaomba nafasi ya kupinga hukumu moja iliyomo. Mwandishi wenu anadai kwamba filamu hiyo iliwagawa watazamaji kwa sababu waigizaji wa sinema walikabidhiwa kazi ya waimbaji wa jukwaani. Dai hilo limerudiwa tangu siku filamu ilipotoka, na kwa kuwa lina chembe ya ukweli, wengi wamelikubali bila kulichunguza. Mimi naamini kwamba linatafuta kosa mahali pasipo. Kilichofanya filamu hii isifiwe na kulaumiwa kwa ukali uleule ni kamera, na umbali ambao kamera hiyo iliwekwa kutoka kwenye nyuso za watu.

Nianze na uimbaji wenyewe, maana hapo ndipo lawama nyingi zimeelekezwa. Kwa miongo mingi, filamu za nyimbo zimekuwa zikitengenezwa kwa kurekodi sauti studioni kwanza, kisha mwigizaji hufuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Mara nyingine hata sauti haikuwa yake: mwimbaji Marni Nixon ndiye aliyemwimbia mwigizaji Deborah Kerr katika The King and I mwaka 1956, akamwimbia Natalie Wood katika West Side Story mwaka 1961, na Audrey Hepburn katika My Fair Lady mwaka 1964. Katika filamu hiyo ya mwisho, Rex Harrison alikataa kufuatisha sauti iliyorekodiwa, akaimba papo hapo akiwa na kipaza sauti kidogo kilichofichwa ndani ya mavazi yake. Kwa hiyo Hooper hakubuni jambo jipya. Alichofanya ni kulipanua mpaka likaenea katika kazi nzima ambayo karibu kila neno lake huimbwa. Waigizaji walivaa visikizi vidogo masikioni, mpiga piano akakaa pembeni akiufuata mwendo wao, na okestra ikaja kurekodiwa baadaye ikifuata sauti ambazo tayari zilikuwa zimeimbwa. Maana yake ni kwamba muda ulikuwa mikononi mwa mwigizaji: akitaka kusita katikati ya mstari, alisita, na muziki ukamsubiri.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ushahidi wake ni Anne Hathaway katika nafasi ya Fantine, mfanyakazi maskini wa kiwandani. Jukwaani London, Fantine huimba wimbo wake wa ndoto iliyovunjika mara tu baada ya kufukuzwa kiwandani, kabla hajaanza kuuza nywele zake na mwili wake. Filamu iliusogeza wimbo huo mbele, ukaja baada ya kila kitu kuuzwa, hata meno. Malalamiko ya mwanamke anayeanza kuporomoka yakawa maneno ya mwanamke ambaye hana tena pa kuporomokea. Kamera inamkaribia na kubaki usoni pake bila kukatwa, na sisi tunaisikia pumzi ikimwishia. Nitaitetea sehemu hiyo mbele ya mtu yeyote, na tuzo ya Oscar aliyopewa Hathaway kama mwigizaji bora msaidizi wa kike ilikuwa haki yake.

Tatizo ni kwamba mwongozaji aliona njia hiyo imefaa kwa Fantine, akaitumia karibu kwa kila mtu.

Ukaribu ule unafaa kwa Fantine kwa sababu hana mtu, na upweke ndio kiini cha wimbo wake. Javert ni kiumbe wa aina nyingine kabisa. Huyu ni afisa wa polisi anayeamini kwamba sheria imesimama imara kama mpangilio wa mbingu, na wimbo wake umetungwa kwa noti ndefu zilizotulia ili yakini yake isikike katika muziki kabla hata hatujayafikiria maneno. Uimbaji wa kunong'ona na kukatika, ambao kwa Fantine ni ukweli mtupu, kwa Javert unaondoa nguzo iliyomshikilia. Russell Crowe, aliyemwigiza, alibebeshwa lawama nyingi, na ni kweli kwamba sauti yake ni nyembamba kwa nafasi ile. Mwimbaji Adam Lambert alipoukosoa hadharani uimbaji wa filamu hii, Crowe mwenyewe alijibu kwa uungwana kwamba hapingani naye, na kwamba Hooper alitaka sauti iwe mbichi na ya kweli. Jibu hilo lina uzito kuliko lawama zote, kwa kuwa linatuonyesha kwamba ubichi ule ulikuwa mpango wa kazi nzima. Hugh Jackman naye, ambaye ana uzoefu mkubwa wa jukwaa, alikumbwa na jambo hilohilo katika sala ya Valjean, mfungwa wa zamani anayesakwa na Javert, kwenye boma la barabarani lililojengwa na wanafunzi waasi. Sala hiyo hupaa juu kwa sauti laini, namna Colm Wilkinson, Valjean wa kwanza wa London, alivyoiimba mwaka 1985. Katika filamu inatoka kwa kukaza koo, huku uso umejaa kioo chote, na mtazamaji anaona misuli ya shingo mahali ambapo alipaswa kusikia mtu akimnong'onezea Mungu.

Lakini hoja yangu kubwa haihusu nyimbo za mtu mmoja mmoja. Inahusu ule wimbo wa wengi unaofunga sehemu ya kwanza ya mchezo jukwaani, pale ambapo Valjean, Javert, wapenzi Marius na Cosette, Éponine anayempenda Marius bila kupendwa, wanafunzi na akina Thénardier wenye nyumba ya wageni wote wanaimba juu ya siku inayokuja. Mtunzi wa muziki wa mchezo huo, Claude-Michel Schönberg, aliusuka wimbo huo kwa kupandanisha ghani tulizokwisha kuzisikia, kila mtu na yake, mpaka zikabanana na kuwa kitu kimoja. Jukwaani watu hao wote husimama juu ya mbao zilezile, ingawa kwa mujibu wa hadithi kila mmoja yuko mahali pake, na jicho letu linawaona kwa pamoja wakati ambapo sikio linawasikia kwa pamoja. Hiyo ni neema ya jukwaa ambayo sinema haina budi kuitafutia badala. Filamu ilichagua kurukaruka: Valjean yumo garini, tunakatwa, Marius yuko mtaani, tunakatwa, Javert anawapanga askari, tunakatwa tena. Sikio linasikia umati, jicho linapewa mtu mmoja kwa wakati, na nguvu yote iliyomo katika kukutana kwa sauti zile inavuja katika kila mkato. Wale waliotoka sinema wakisema kwamba wamechoka bila kujua sababu, naamini walichoshwa na ubishani huo kati ya macho na masikio.

Wala mtu asiseme kwamba haikuwezekana kufanya vinginevyo. Filamu hiyohiyo inafunguka na wafungwa wakivuta meli kwa kamba katikati ya maji na upepo, na tunaelewa papo hapo kwamba mateso yale ni ya wengi. Wimbo wa maandamano ulihamishiwa kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque, mtetezi wa wanyonge ambaye mazishi yake yalizua uasi wa Paris, Juni 1832, ukaanza taratibu kwa sauti chache na kusambaa katika umati kama moto kwenye nyasi kavu. Sijaona wazo bora zaidi la kuhamisha wimbo kutoka jukwaani kwenda kwenye filamu. Mwisho nao, waliokufa wanasimama juu ya boma kubwa na kamera inarudi nyuma ili tuwaone wote. Kwa hiyo Hooper alijua kurudi nyuma. Alifanya hivyo mara chache mno katikati ya kazi, ambapo ndipo sehemu kubwa ya dakika 158 za filamu ilipo. Mchezo wa awali wa London ulikuwa na jukwaa linalozunguka, kazi ya msanifu John Napier, na baada ya mapigano boma lilizunguka likatuonyesha upande wa pili na Enjolras, kiongozi wa wanafunzi, akiwa amelala amekufa juu yake. Hakuna uso uliosogezwa karibu nasi, na ukumbi mzima ulikuwa kimya.

Wapo watakaonijibu kwa tarakimu: filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, ikateuliwa kuwania tuzo nane za Oscar na kushinda tatu. Watakumbusha pia kwamba mwaka 1985 wahakiki wengi wa London waliupokea mchezo wenyewe kwa ubaridi, huku watu wakipanga foleni kununua tiketi. Sina ugomvi na tarakimu hizo. Zinatuambia kwamba watu waliupenda muziki, jambo ambalo halikuwa na shaka. Hazituambii kama filamu iliutendea haki muziki huo.

Narudi kwenye dai la mwandishi wenu. Kama kosa lingekuwa ni kuwachukua watu wa sinema, basi Samantha Barks, aliyemwigiza Éponine katika filamu, angetuokoa. Alikwisha kuigiza nafasi hiyo jukwaani London na katika tamasha la kuadhimisha miaka 25 ya mchezo huo mwaka 2010, na sauti yake haina dosari. Hata hivyo, katika wimbo wake wa usiku wa mvua, ambao jiji zima la Paris linapaswa kuwa mwenzake wa kufikirika, tunaonyeshwa zaidi uso uliolowa, na jiji tunaliona kwa kudokezwa tu. Mwimbaji amebadilika, lakini upungufu umebaki palepale.

Ningemwomba mwandishi wenu aitazame tena ile sehemu ya wimbo wa wengi, mara moja akiwa amefumba macho na mara nyingine akiwa ameondoa sauti, kisha awaandikie wasomaji wenu ni ipi kati ya hizo mbili iliyomwangusha.

Wako katika sanaa,
Msomaji wa ukurasa wa sanaa