Jumamosi: waleteni na bibi zao

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni.

Jumamosi saa tisa alasiri tunakutana pale pale Majengo kwa michezo ya kuimba ya watoto wetu. Safari hii nawaomba mje na bibi na babu zao.

Ukuti, ule wimbo wa kuzunguka duara, watoto wanaujua wote sasa, ila wanauimba mbio mno. Wanafika "watetemeka" duara halijazunguka hata mara moja, na wale wadogo wanaburutwa. Tuanze polepole, kila mmoja amshike mwenzake kiganja, si mkono wa shati. Wiki iliyopita binti mmoja aliniuliza ukuti ni nini. Ana haki, ukuti ni jani la mnazi, na hapa Moshi anaona migomba na mibuni tu. Mwenye ndugu Tanga tafadhali aagize kuti kavu moja, wachambue wenyewe vile vijani vyembamba na kuvipepea. Wataimba tofauti kabisa, naamini.

Kwenye Nyama Nyama, ule mchezo wa kuruka akitajwa mnyama anayeliwa, mtajaji asitaje nguruwe. Tuna watoto wa nyumba za Kiislamu na za Kikristo. Sitaki mtoto asimame katikati akijiuliza aruke au asiruke, wenzake wakimtazama. Ng'ombe, mbuzi, kuku wanatosha, na nyoka wa kuwanasa wanaoruka bila kusikiliza.

Bibi zetu wakianza nyimbo za utoto wao, kwa Kichaga au Kipare, naomba mtu arekodi kwa simu tangu mwanzo, na makofi yake, maana mdundo uko kwenye makofi.

Watoto wavae raba. Kokoto ni nyingi pale.