Ile si simu jamani

Mhariri, mi ni nesi wa shule moja hapa Malindi, siitaji jina lake. Juzi mwalimu wa zamu kamnyang'anya mtoto wa gredi ya 6 kidude kiunoni akidhani simu, akavuta mpaka mrija ukachomoka tumboni, eti atakipata ijumaa mzazi akija. Ijumaa! Ile ni pampu ya insulini, dawa ya kisukari inayoshusha sukari ya damu, na ndani mna insulini ya haraka pekee, ikikatika masaa machache tu sukari inapanda na asidi inajaa kwenye damu, hiyo inaua. Nilipoitwa sukari ilishafika 17 mmol/L, juu mno, nikamwekea mrija mpya.

Na watu wanadhani pampu inajiendesha. Hii yake haijui amekula nini mpaka uiambie, basi kila siku saa nne asubuhi tunakaa mimi na yeye tunahesabu mahamri, mawili na mbaazi za nazi, na huyo mtoto mjanja, akiongeza la tatu haniambii mpaka namba ziseme. Joto la mwezi wa tatu nalo linaharibu insulini, ya akiba naiweka kwenye chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, maana stima ikipotea friji inakua kabati tu.

Naomba walimu wote, hata bawabu na mpishi, waonyeshwe kile kidude. Mtoto akitetemeka na jasho linamtoka msimgombeze, niiteni huku mnampima sukari, ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza mpeni soda ya sukari kama mililita 150, mpime tena baada ya dakika 15.

Nesi wa shule, Malindi