Kaka, ile simu ungeiacha iite

Shikamoo kaka. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu nikikupigia unakata, na tukikutana nyumbani unageuzia maongezi kwenye bei ya mahindi.

Koti ulilomnunulia binti yako alilivaa mpaka alipoitwa jukwaani kupiga piano. Unaijua Iringa ya mwezi wa sita, na vidole vikipata baridi havipigi piano. Asante kwa koti, kwa kweli.

Alianza na sonata ya mtunzi Beethoven, kipande cha piano chenye sehemu tatu, ile inayoitwa ya mbalamwezi. Mwenyewe hakuiita hivyo. Jina lilikuja baada ya yeye kufa mwaka 1827. Aliitunga 1801, masikio yakiwa yameshaanza kumsaliti. Mwanzo wake ni wa polepole na sauti ya chini sana: mkono wa kulia unarudia nota tatu tatu, na kidole cha mwisho cha mkono huohuo ndicho kinachobeba wimbo. Ukumbi mzima unashusha pumzi. Hapo ndipo simu yako ikaita, mstari wa mbele, nawe ukapokea.

"Mbao za mbili kwa nne zimebaki ngapi? Mwambie wa Mafinga asipakie!"

Ukatoka huku unaongea, mlango ukajibamiza, na hukurudi. Binti yako hakusimama. Bega la kushoto tu lilipanda, kama la baba kwaya ilipomuudhi. Alipofika sehemu ya tatu, ile ya kasi, vidole vikikimbia kutoka chini kwenda juu na kila mara kumalizia kwa kordi mbili nzito, yaani nota kadhaa zikipigwa kwa pamoja, sikuwahi kumsikia akiipiga kwa hasira namna ile. Watu walisimama kumpigia makofi. Akainama, akatazama kiti chako. Kaka, hilo bado limenikaa kooni.

Kisha akapiga nokturni, kipande cha utulivu wa usiku, ya mtunzi Chopin, ya pili katika opus 9, yaani kazi yake namba 9, ile ambayo hata asiyejua piano huitambua. Chopin aliiacha Poland 1830, akiwa na miaka 20, na hakurudi tena kwao. Niliisikiliza nikimtazama mtoto wetu, nikaogopa.

Wewe ni mzazi mwema, hilo silikani. Ada ulilipa hata mwaka ule malori yalipokwama. Ila usiseme kwa watu kwamba nimempotosha kwa muziki wa Wazungu. Kile kinanda cha kukanyaga alichopiga baba kanisani kilitoka wapi? Nyimbo nyingi tulizolelewa nazo zilitoka Ujerumani, nyingine mtunzi Bach mwenyewe alizipangia sauti, na wewe ndiye uliyekuwa ukiimba besi. Mwalimu nilimlipa mimi kwa sababu ulisema hela haipo. Ulikuwepo nikimweleza mama, hukupinga. Umeme ukikatika na mtoto akaendelea kupiga gizani, aliyekaa naye ni nani? Sikumnyang'anya mtu mwana. Nilimshikilia pale ulipokuwa hupo, na ingekuwa leo ningefanya vilevile.

Atapiga tena Mbeya, na safari hii ameongeza kipande cha Debussy, mtunzi Mfaransa. Ule ujumbe wako wa "mwambie nilibanwa na kazi" sikumfikishia, wala sitamfikishia. Mpigie mwenyewe, jioni, akishatoka mazoezini. Na siku ya Mbeya lori mwachie dereva.